WAZEE WETU: Mzee Kimani Maruge, Mwanafunzi wa Miaka 84

   

Desturi ya safu hii mnaijua. Kila kitabu kinapotoka tunamkumbuka mzee mmoja aliyeishi vizuri, akafa akiacha jina jema, ili vijana waliokulia huku wapate kujua heshima ya mtu inatoka wapi. Safari hii tumetoka nje ya koo zetu. Mzee tunayemleta hakuwa mjomba wa mtu yeyote kati yetu, wala hakupata kuishi katika miji yetu mitatu. Marekani alifika kwa ziara fupi, akarudi kwao. Alikuwa mkulima wa Kenya, mwananchi wa kawaida, mjane mwenye wajukuu 30. Hata hivyo tumeona habari zake zinaingia ndani ya nyumba zetu moja kwa moja, hasa nyumba zenye mzee anayekaa peke yake mchana kutwa, akingoja wajukuu warudi shule wamsomee barua.

Huyo ni hayati Kimani Ng'ang'a Maruge.

Kuzaliwa na ujana wake

Mzee Maruge aliamini kwamba alizaliwa mwaka 1920. Tunasema aliamini, kwa sababu hakuwa na cheti wala karatasi yoyote ya kuthibitisha. Hapa najua wasomaji wengi watacheka kidogo. Ni nyumba gani kwetu isiyo na mtu aliyezaliwa tarehe 1 Januari kwa mujibu wa karatasi? Mzee aliulizwa na karani kambini amezaliwa lini, akajibu kwamba ni mwaka wa njaa, au mwaka ule mto ulipofurika. Karani hakuwa na nafasi ya kuandika njaa wala mto, akaandika Januari mosi. Ndiyo maana kwetu mwaka mpya ukifika huwa ni sikukuu ya kuzaliwa ya baba, mama, shangazi na babu, wote kwa siku moja.

Mwaka 1920 ndio mwaka Kenya ilipotangazwa rasmi kuwa koloni la Uingereza. Kwa hiyo mtoto Maruge alizaliwa pamoja na koloni lenyewe, na koloni lile halikuwa na haraka ya kumpa mtoto wa Kikuyu kalamu. Shule zilikuwa chache, nyingi za misheni, na mtoto wa mkulima alitakiwa kwanza shambani na kwa mifugo. Akakua bila kusoma.

Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari nchini Kenya, na hali hiyo iliendelea mpaka mwaka 1960. Ndiyo miaka ya Mau Mau. Vijana kwa wazee waliingia msituni kudai ardhi na uhuru. Wengine walifungwa makambini, waliteswa, na wengi waliuawa. Maruge alikuwa mmoja wa wapiganaji hao. Waliokuwa naye hawakupigania bendera tu. Walipigania shamba, na walipigania watoto wao wapate yale waliyonyimwa wao.

Uhuru ulipatikana tarehe 12 Desemba 1963. Maruge alikuwa na umri wa miaka kama 43, mtu mzima mwenye majukumu yake. Shule sasa zilikuwapo, lakini ada nazo zilikuwapo, na mwenye nyumba hujilipia ada wa mwisho. Akalima, akalea, akazika aliokuwa na budi kuwazika. Miaka 40 ikapita.

Siku aliyovaa kaptula

Mwishoni mwa mwaka 2002 Kenya ilipata serikali mpya ya Rais Mwai Kibaki, na Januari 2003 serikali hiyo ikafuta ada katika shule za msingi za umma. Watoto zaidi ya milioni moja ambao hawakuwa na nafasi walijaa madarasani. Palikuwa na madarasa ya watoto 80, mengine 100; wengine walikaa sakafuni, wengine chini ya mti.

Serikali ilipotangaza kwamba elimu ni bure kwa wote, haikumfikiria mzee wa miaka 84. Lakini Mzee Maruge alilisikia tangazo kama lilivyosemwa, naye akalichukua kama lilivyosemwa. Wote ni wote. Tarehe 12 Januari 2004, siku ya Jumatatu, alianza darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret.

Picha zake zilienea duniani kote, na labda baadhi yenu mliziona. Mzee amekaa dawatini amevaa sweta ya shule, kaptula na soksi ndefu mpaka magotini, kama sare inavyotaka. Mkongojo wake uko karibu, daftari liko mbele yake, na pembeni yake watoto wa miaka sita. Wajukuu wake wawili walikuwa wanafunzi wa shule ile ile. Kitabu cha rekodi cha Guinness kilimwandika kuwa mtu mwenye umri mkubwa kuliko wote aliyepata kuanza shule ya msingi.

Tusiipite kaptula ile haraka. Kwetu mzee havai kaptula. Kaptula ni vazi la mtoto, na zamani za ukoloni lilikuwa pia vazi la boi wa nyumbani, ambaye hata akiwa na mvi aliitwa boi. Mtu aliyepigana ili asiitwe boi katika nchi yake, aliivaa kaptula kwa hiari yake mwenyewe, mbele ya macho ya watu, kwa kuwa ndiyo ilikuwa njia ya kuingia darasani. Hakuona kwamba imempunguzia kitu. Anayejua uzito wake haogopi kukaa kwenye kiti kidogo.

Kwa nini alitaka kusoma

Waandishi wa habari walimwuliza sababu, naye alikuwa na sababu mbili za mtu mzima.

Ya kwanza ni Biblia. Alitaka kuisoma mwenyewe, kwa sababu alikuwa na wasiwasi kama mhubiri alikuwa akisema sawasawa na kilichoandikwa. Ya pili ni fedha. Alisikia kwamba waliopigana katika Mau Mau huenda wakalipwa fidia, akataka awe na uwezo wa kuzihesabu mwenyewe asije akapunjwa.

Angalieni, ndugu zangu, sababu hizo zina mzizi mmoja. Mzee hakutaka cheo wala cheti cha kutundika ukutani. Alitaka asisimame mtu kati yake na neno la Mungu, wala kati yake na haki yake. Kwa miaka 84 kila kilichoandikwa kilimfikia kwa kinywa cha mtu mwingine, na kinywa cha mtu mwingine kinaweza kuongeza, kinaweza kupunguza, na kinaweza kunyamaza.

Fidia yenyewe hakuiona. Serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kuwalipa wazee 5,228 waliodhulumiwa wakati wa hali ya hatari mnamo Juni 2013, Mzee Maruge akiwa amekwisha kufariki miaka karibu minne. Alijifunza kuhesabu fedha zisizomfikia. Lakini hesabu aliijua.

Waliopinga na waliokubali

Si wote waliofurahi. Darasa limejaa, watoto wanabanana, halafu mzee anachukua nafasi ya dawati! Wako waliosema kwamba anamnyang'anya mtoto haki yake. Filamu iliyotengenezwa baadaye juu ya maisha yake inaonyesha jinsi alivyorudishwa langoni, na jinsi wazazi walivyomkasirikia mwalimu aliyempokea. Mwalimu mkuu wa shule ile, Bibi Jane Obinchu, alimpokea na kusimama upande wake.

Wenye kupinga tusiwadharau. Hoja yao ilikuwa ya kweli. Watu wetu wenyewe wana methali, samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo ni ya hekima, lakini tumeitumia kupita kiasi. Imesemwa juu ya samaki na tabia za watoto. Haikusema kwamba aliyekauka atupwe. Na wahenga hao hao walisema elimu ni bahari, wala hawakuweka umri wa kuingia majini.

Wazee wetu waliopitia Tanzania wanakumbuka kisomo cha watu wazima. Sensa ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba watu wazima wapatao theluthi mbili hawakujua kusoma wala kuandika. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Jioni, baada ya jembe, akina mama walikaa chini ya mwembe na mtoto mgongoni, akina baba na kofia mkononi, mwalimu akiwa pengine kijana wa umri wa mtoto wao. Hakuna aliyesema mama yule amepoteza heshima. Alisemwa yule aliyebaki nyumbani.

Basi Mzee Maruge alikuwa akiendeleza kazi ya zamani. Tofauti ni kwamba wenzake walisoma jioni na watu wazima, yeye alisoma asubuhi na watoto.

Kiranja, halafu msafiri

Alisoma kwa bidii. Mwaka 2005 wanafunzi walipata kiranja mkuu mpya, naye ni Mzee Maruge. Tunaweza kucheka, lakini fikirini faida waliyoipata watoto wale. Mtoto akichoka na kutaka kutoroka shule, anamwona babu mwenye mkongojo anaingia lango lile lile. Mwalimu gani ana fimbo kubwa kuliko hiyo?

Septemba mwaka huo huo alipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani mwake, akaenda New York. Wakuu wa nchi walikuwa wamekusanyika kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa, naye alikwenda kuwaeleza umuhimu wa elimu ya msingi isiyo na malipo. Ndugu zetu wa Buffalo wanaishi katika jimbo hilo hilo, ingawa kutoka kwenu mpaka mji ule ni safari ya siku nzima kwa basi. Mtu asiyejua kusoma miezi 20 kabla ya hapo aliwasemea watoto wa dunia mbele ya wakubwa. Alirudi Eldoret, akavaa kaptula yake, akaendelea na masomo.

Hema na kilomita nne

Sasa tunafika mahali ambapo habari za Mzee Maruge zinafanana na zetu mno.

Uchaguzi mkuu wa Kenya wa Desemba 2007 ulifuatwa na fujo kubwa. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa, na laki kadhaa walikimbia nyumba zao. Eldoret na mashamba yanayoizunguka ni miongoni mwa sehemu zilizoumia sana. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto watu wakiwa wamejificha ndani, wengi wao wanawake na watoto. Jirani alimgeukia jirani kwa sababu ya kabila. Nani kwetu anahitaji kuelezwa jambo hilo? Waliotoka Kivu wanalijua, waliotoka Burundi wanalijua, na waliotoka Somalia wanalijua pia.

Mali za Mzee Maruge ziliibwa. Akajikuta, kwa umri wa miaka 87 au 88, anaishi katika hema ndani ya kambi ya waliopoteza makazi. Kambi ilikuwa kilomita nne kutoka shuleni. Mzee alifikiria kuacha shule; na nani angemlaumu? Lakini alikwenda, siku baada ya siku, kilomita nne, na mkongojo wake.

Waliopita Nyarugusu, Kakuma au Dadaab wanajua asubuhi ya kambi ilivyo. Foleni ya maji, foleni ya unga, vumbi au tope, na mawazo ya jana yanayomkalia mtu kifuani. Asubuhi ya namna hiyo mtu akitoka hemani na daftari, amekataa kuwa mkimbizi peke yake. Amesema: mimi ni mwanafunzi pia. Kati ya siku zote za shule za Mzee Maruge, tunaona siku zile za kambini ndizo zilizokuwa na heshima kubwa kuliko zote, kuliko hata ile ya New York.

Mwisho wake

Afya ilianza kumwacha. Mwaka 2008 ilimbidi aondoke Eldoret, akapelekwa Nairobi katika nyumba ya kutunzia wazee. Hapo mtu angedhani ndiyo mwisho wa shule. Tarehe 10 Juni 2008 aliandikishwa darasa la sita katika Shule ya Msingi ya Marura, huko Kariobangi.

Tarehe 24 Mei 2009 alibatizwa katika Kanisa Katoliki la Utatu Mtakatifu, Kariobangi, akachukua jina la Stefano. Aliyetaka kuisoma Biblia ili amhakikishe mhubiri, alikuwa amefika mpaka kwenye maji.

Miezi isiyotimia mitatu baadaye, tarehe 14 Agosti 2009, alifariki katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta kwa ugonjwa wa saratani ya tumbo. Alizikwa katika shamba lake, Subukia. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ambao wakati ule ulifanywa darasa la nane, hakuufikia.

Je, alishindwa? Kwa hesabu ya cheti, alishindwa. Lakini mkulima hahesabu hivyo. Mtu apandaye mwembe uzeeni anajua wazi kwamba maembe yataliwa na wengine.

Na yaliliwa. Mwaka 2010 ilitoka filamu juu ya maisha yake, iliyoongozwa na Justin Chadwick, na mwigizaji wa Kenya Oliver Litondo ndiye aliyekuwa Maruge. Lakini tunda lililo tamu zaidi ni la bibi mmoja wa Ndalat, si mbali na Eldoret, jina lake Priscilla Sitienei, ambaye watu walimwita Gogo, yaani bibi. Alikuwa mkunga wa miaka mingi. Alipofika miaka kama 90 akaingia shule ya msingi, akisoma na vitukuu na vilembwe vyake, na baadhi ya wanafunzi wenzake aliwapokea kwa mikono yake walipozaliwa. Alitaka kuandika aliyoyajua juu ya ukunga na dawa za miti, yasizikwe pamoja naye. Alifariki Novemba 2021. Mlango ukishafunguliwa na mmoja, wengine hupita.

Na sisi je?

Ndugu wasomaji, hatukumleta Mzee Maruge ili tumsifu tu, kisha tufunge kitabu.

Tuangalie nyumba zetu. Barua imefika: ya bima, ya mwenye nyumba, ya shule, ya ofisi ya uhamiaji. Mzee anaipokea mlangoni, anaiweka mezani, anaingoja saa tisa mjukuu arudi. Mjukuu ana miaka 11. Anaisoma haraka haraka huku anatazama simu, anasema, "Babu, si kitu." Kumbe ilikuwa kitu, na tarehe imepita.

Kuna lililo zito zaidi. Bibi anakwenda kwa daktari, na mkalimani ni mtoto wa binti yake. Daktari anauliza mambo ya ndani ya mwili wa mwanamke mzima. Bibi ananyamaza, kwa sababu kwetu mambo hayo hayasemwi mbele ya mjukuu. Mtoto naye anaona haya, anafupisha. Ugonjwa unarudi nyumbani kama ulivyokwenda. Tukumbushane hapa kwamba hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kumpa mgonjwa mkalimani bila malipo. Ombeni mkalimani mnapopanga siku ya kumwona daktari. Msimtwike mtoto mzigo huo. Ni mzito kwake na ni mzito kwa bibi yake.

Lakini mkalimani naye ni kinywa cha mtu mwingine. Dawa ya kudumu ni ile ya Mzee Maruge.

Tunasikia katika miji yote mitatu maneno yale yale. "Mimi nimezeeka, kichwa hakishiki." "Wacha watoto wasome, mimi safari yangu inaisha." Na lile la chini kabisa, ambalo husemwa kwa sauti ndogo: "Watanicheka." Mama aliyelea watoto wanane katikati ya vita, aliyevuka ziwa usiku, aliyejua kugawanya kibaba kimoja cha unga kwa watu tisa, anaogopa kuchekwa na mwalimu wa miaka 25 kwa sababu hajui kushika kalamu. Mama, mwalimu huyo hangeweza hata wiki moja ya maisha yako. Nenda ukakae kwenye kiti.

Kwa wanaoutafuta uraia, jambo hili lina faida ya moja kwa moja. Katika mtihani wa Kiingereza, mwombaji hupewa nafasi tatu za kusoma sentensi, na akiisoma moja sawasawa amepita. Hupewa tena nafasi tatu za kuandika, na akiandika moja amepita. Sentensi moja, ndugu zangu! Mzee wa darasa la pili la Kapkenduiywo angeiweza. Kisha kuna maswali ya historia na serikali, ambayo hujibiwa kwa mdomo. Aliyetimiza miaka 50, naye amekuwa na kadi ya ukaazi wa kudumu kwa miaka 20, au aliyetimiza miaka 55 na ana kadi kwa miaka 15, husamehewa Kiingereza, akajibu maswali kwa lugha yake kwa njia ya mkalimani. Aliyetimiza miaka 65 na ana kadi kwa miaka 20 hupewa maswali machache zaidi ya kujifunza. Lakini wazee wetu wengi walifika huku wakiwa tayari wameingia uzeeni. Kungoja miaka 15 au 20 ni kungoja mno. Njia iliyo fupi kwao ni daftari.

Na vijana, neno hili ni lenu. Mzee hatakwenda darasani peke yake. Buffalo kuna theluji inayotoka Ziwa Erie, na kituo cha basi kina upepo wa kukata masikio. Columbus na Louisville miji imetawanyika, na asiye na gari ni kama amefungwa nyumbani. Mna magari. Mnawapeleka watoto kwenye mpira, mnakwenda dukani mara nne kwa wiki. Mpelekeni mzee darasani mara mbili kwa wiki. Mkikosa darasa lililo karibu, kaeni naye mezani nusu saa baada ya chakula. Mwanzeni na jina lake mwenyewe. Mtu mzima anapoliandika jina lake kwa mara ya kwanza, badala ya kuweka alama ya msalaba au dole gumba, nyumba nzima hunyamaza. Waliowahi kuona jambo hilo wanajua.

Wala msimfundishe kama mtoto. Mzee Maruge alivaa kaptula, lakini hakuna aliyethubutu kumwita mtoto. Mwamkieni kwanza shikamoo, kisha mfungueni daftari. Mkimsahihisha, msahihisheni kwa sauti ya chini. Naye akiwafundisha jambo wakati huo huo, jina la babu wa babu yenu, au namna ya kujua mvua ya kesho, liandikeni nanyi. Hapo mtakuwa na wanafunzi wawili na walimu wawili kwenye meza moja, kama alivyotamani Gogo wa Ndalat.

Heshima ya mzee haikai katika kujua kila kitu. Nyumbani tulidhani hivyo kwa sababu kule mzee alijua kweli kila kilichohitajika: ardhi, mbegu, mipaka, damu na ndoa. Huku vitu vinavyohitajika vimebadilika, na mzee amejikuta hajui. Wengine wamechagua kunyamaza na kukaa dirishani. Mzee Maruge naye alibadilikiwa na dunia, si mara moja. Alichagua kuingia langoni akiwa na mkongojo. Kijiji hakikumheshimu kidogo kwa ajili hiyo. Watu wa mbali, ambao hawakujua hata Subukia iko wapi, walimheshimu kama mzee wao.

Kwa hiyo tunaomba jambo moja kwa kila ukoo kabla ya kitabu kijacho. Mtuandikie majina ya wazee wenu walioanza kujifunza kusoma mwaka huu, wake kwa waume, na umri wao, hata kama umri wenyewe ni wa Januari mosi. Tutayachapa majina hayo kwenye ukurasa wa mbele, juu ya majina ya waliohitimu chuo kikuu. Na kama mzee mwenyewe anaweza kuliandika jina lake, alete kwa mkono wake. Tutalichapa kama alivyoliandika, hata herufi zikipanda na kushuka.

Mungu amrehemu Mzee Stefano Kimani Maruge wa Subukia. Nasi wenye wazee majumbani, atujalie kuwapa dawati wangali hai.